Nyasi za Chuo

Ukitaka shahada ya uzamili ya ikolojia, chuo hakikuombi makubwa. Kinakutaka uhudhurie masomo ya darasani na uyafaulu, uandike andiko la utafiti na idara ilipitishe, uende uwandani kwa misimu miwili mfululizo, urudi uandike tasnifu, halafu usimame mbele ya jopo la watahini uitetee. Basi. Ukiyasoma hayo umekaa kwenye kiti, utadhani ni safari ya kutoka Korogwe kwenda Mombo.

Zamda Mhina aliyasoma akiwa amekaa kwenye kiti. Wakati huo alikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Korogwe, ana miaka thelathini na sita, na chumba cha walimu kilikuwa kimekwisha kumhukumu. Mumewe, Isihaka, alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka ushirika ulipolala chali. Soko huria likampa duka la vipuri, duka likampa tumbo, na tumbo likampa mke wa pili, msichana wa Mazinde aliyeshika mimba kabla hata hajazoea jiko. Zamda hakuwa amepata mtoto kwa miaka yote ya ndoa. Aliomba talaka, akapewa haraka kuliko alivyotarajia, na hilo la haraka ndilo lililomuuma zaidi.

Asiye na mwana aeleke jiwe, ndivyo wasemavyo watu, na husema kwa sauti ya kutosha ili mwenyewe asikie. Zamda aliamua kueleka shahada. Akishaipata, chuo kingemwajiri, angehama Korogwe, na hakuna mtu kule ambaye angemjua kwa jina la mke wa zamani wa Isihaka. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na alilitaka kwa meno yote.

Masomo ya darasani aliyafaulu. Andiko lake likapita. Likabaki lile sharti la misimu miwili.

Alichotaka kukijua kilikuwa kitu rahisi cha kueleza na kigumu cha kukifanya. Watu wa mipango walikuwa wakisema nyanda kavu za Handeni zimekufa kwa sababu ya ng'ombe. Wafugaji walisema ardhi haijafa, imelala tu, inangoja mvua. Zamda alitaka kuipima. Angezungushia miiba viwanja sita vya nyasi, mifugo isitie mdomo humo kwa misimu miwili, kisha kila mwisho wa kiangazi akate nyasi za ndani na za nje, azikaushe, azipime, alinganishe. Idara ilimwambia sita ndiyo idadi ya chini kabisa. Kimoja kikiingiliwa, ulinganisho wote unakufa.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na sita, kabla ya masika, alifika Kang'ata na mizani, mundu, gunia la mifuko ya khaki na kitanda cha kukunja. Alipanga chumba kwa Bi Hafsa, mjane wa Kizigua aliyekuwa na shamba la mahindi na maneno mengi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini Kang'ata hawakujua wampe huyu jembe gani. Hakulima, hakuuza, hakufundisha, hakuhubiri. Alitoka asubuhi na mizani akarudi jioni na majani. Watu walimwamkia vizuri, wakampisha njiani, na wakishapishana naye walinyamaza mpaka afike mbali.

Jioni alipika ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja haukubali kupikika: ama mwingi ama mgumu. Alianza kuyataja majina ya Kilatini ya nyasi kwa sauti, si kwa kujikumbusha, ila ili chumba kiwe na sauti ya mtu. Bi Hafsa alimsikia kupitia ukutani akafikiri anasoma uradi, akamheshimu kidogo zaidi.

Uwanda wenyewe ulikuwa mbali na nyumba za wakulima, upande walikokaa wafugaji. Zamda alikwenda kwenye boma la mzee Tiampati kuomba ruhusa. Alikaribishwa kwenye kigoda cha miguu mifupi, akapewa maziwa. Kando ya mzee alikaa mkewe mkubwa, Naanyu, mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye macho ya mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

"Takwenya," Naanyu alimsalimu.

"Iko," Zamda akajibu, maana hilo alikuwa amejifunza, na neno yeyo pia, yaani mama kwa lugha yao. "Shikamoo, yeyo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una watoto?" Naanyu aliuliza. Kule ndilo swali la kwanza, halina ubaya.

"Sina, yeyo."

"Mume?"

"Tuliachana."

"Ng'ombe unao?"

"Sina."

Naanyu alimtazama mumewe, mumewe akatazama fimbo yake. Zamda akaanza kueleza habari za viwanja sita, na chuo, na misimu miwili, na kupima. Alieleza sana. Alipomaliza, mzee Tiampati aliweka fimbo chini.

"Unataka kuzungushia nyasi miiba," alisema mwishowe. "Mifugo isiingie mpaka wakati wake."

"Ndiyo, mzee."

"Kama olopololi."

Olopololi Zamda aliijua, alikuwa ameisoma. Ni nyasi zinazowekwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Mwenye boma huzifunga, na mtu mwingine hazigusi hata jua likiwaka vipi, kwa sababu anayelisha ng'ombe wake mkubwa nyasi za ndama wa mwenzake ameiba kutoka kinywani mwa mtoto.

"Za ndama?" Naanyu alitaka kuhakikisha.

Hapo Zamda angeweza kusema hapana. Alikuwa amechoka, maelezo yalikuwa marefu, na akili yake ya darasani ilimnong'oneza kwamba kwa ulinzi hakuna uzio duniani unaoshinda huo. Miiba ng'ombe huipita. Sheria ya ndama hawaipiti.

"Ndiyo, yeyo," alisema. "Za ndama."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Naanyu hakutabasamu. Alimtazama huyu mwanamke asiye na mtoto, asiye na mume, asiye na ng'ombe hata mmoja, anayeomba kutunza nyasi za ndama ambao hawajulikani watatoka wapi, na uso wake ukalegea kwa huruma. Kesho yake alikuja mwenyewe na wakwe zake wawili kusaidia kukata miiba.

Mwaka wa kwanza ulikwenda kama kitabu kilivyotaka. Masika yalinyesha, nyasi zikapanda mpaka magotini, na ng'ombe walipita kando ya viwanja vya Zamda bila hata kugeuza shingo, maana wachungaji walikuwa macho. Mwisho wa Septemba alikata, akakausha, akapima, akaondoka na magunia yake kama mtu aliyevuna.

Na katika mwaka huo alipata kitu ambacho hakikuwemo kwenye andiko lake. Naanyu alizoea kuja. Alipomwona Zamda ameinama ndani ya uzio, alikaa nje kwenye kivuli cha mgunga, akashona shanga, akanyamaza. Pengine aliuliza jambo moja, pengine hakuuliza. Akichoka aliinuka akaenda zake. Ukiwaona ungesema hawana habari ya kuambiana. Lakini Zamda, ambaye kule Korogwe alikuwa amekaa katika chumba cha walimu kilichojaa kelele akajisikia yuko jangwani, hapa aliusikia mkono wa mtu ukivuta uzi na moyo wake ukatulia. Siku Naanyu asipokuja, kazi ilikuwa ndefu.

"Bado hawajaja?" Naanyu alimuuliza siku moja.

"Kina nani?"

"Ndama wako."

Zamda alicheka kidogo. "Bado, yeyo."

"Watakuja," Naanyu alisema, kama anavyofarijiwa mwanamke aliyechelewa kuzaa.

Zamda alijua kabisa kwamba angepaswa kumweleza. Akaahirisha. Kumweleza maana yake ni kumwambia kwamba alidanganya, na pengine asingekuja tena kukaa chini ya mgunga.

Kisha vuli haikuja. Mawingu yalikusanyika kama wageni wa harusi, yakala kwa macho, yakaondoka. Masika ya mwaka wa tisini na saba yalinyesha matone ya kudanganyia mahindi, na mahindi yakadanganyika. Kufikia Julai, Kang'ata ilikuwa inakula mihogo ya mwaka juzi, na uwandani ardhi ilikuwa nyekundu tupu. Wanaume waliwaswaga ng'ombe wakubwa kuelekea mto Pangani kutafuta majani. Bomani walibaki wanawake, wazee, ng'ombe wachache wa maziwa, na ndama wasioweza safari.

Na viwanja sita vya Zamda vilisimama. Nyasi za ndani zilikuwa zimekauka, lakini zilikuwa nyasi: ndefu, za rangi ya simba, zenye kulisha. Ndama waliletwa kunywa maji kwenye shimo la karibu, na njia yao ilipita ubavuni mwa uzio. Walisimama hapo wakiingiza pua kati ya miiba. Wanawake waliwavuta kwa masikio wakawaondoa. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyenung'unika. Nyasi zilikuwa za ndama wa mwalimu, na ndama wa mwalimu hawajaja; basi zinangoja.

Zamda alianza kupita njia ya mbali ili asiwaone.

"Mwanangu," Bi Hafsa alimwambia jioni moja wakitwanga mhogo, "hayo majani unayapeleka wapi?"

"Nayapima, bibi."

"Yakishapimwa yanaliwa?"

"Hapana."

Bi Hafsa alitwanga kidogo, halafu akasema, "Haya. Mimi sikusoma." Akaendelea kutwanga, na hakutaja tena.

Mwishoni mwa Agosti Zamda alipanda lori mpaka Handeni mjini, akapanda basi mpaka Korogwe, kumwona msimamizi wake. Siku hizo wahadhiri wengi walikuwa na mguu mmoja chuoni na mwingine kwenye miradi ya wafadhili, na Dakta Ernesti alipita Korogwe na gari la mradi akielekea Lushoto. Walikutana kwenye hoteli moja karibu na stendi. Daktari aliagiza wali na kuku. Zamda akaagiza chai, na hata hiyo hakuimaliza.

Alimweleza yote. Aliuliza kama anaweza kufungua kiwanja kimoja. Kimoja tu.

"Idara ilikubali sita," Dakta Ernesti alisema. "Wewe mwenyewe uliandika sita."

"Basi nikate sasa, nifungue vyote."

"Mwaka jana ulikata lini?"

"Mwisho wa Septemba."

"Sasa ukikata Agosti, unalinganisha nini na nini?" Hakusema kwa ukali. Aliweka kijiko chini. "Zamda, nakuelewa. Mimi pia nimezaliwa kwenye njaa. Lakini jopo halilishi ndama. Chuo kimeshakuongezea muda mara moja, hakiongezi tena. Ukipoteza msimu huu, umerudi kufundisha kidato cha pili."

Kisha akamuuliza kama mizani bado ni sahihi.

Alipokuwa akitoka kwenye hoteli alimwona Isihaka ng'ambo ya barabara, amembeba mtoto begani mbele ya duka lake, akimwonyesha mabasi. Mtoto alikuwa anapiga makofi. Zamda alijificha nyuma ya muuza mitumba, akajifanya anachagua blauzi, mpaka mwenye mitumba akamuuliza kama ananunua au anahesabu vifungo. Usiku huo alilala kwa dada yake, akaondoka asubuhi bila kupita sokoni.

Alipofika uwandani, alimwona Naanyu kwa mbali. Alikuwa amesimama kwenye kiwanja cha kwanza, kile chenye nyasi nzuri kuliko vyote, na lango la miiba lilikuwa limevutwa kando. Zamda alianza kukimbia.

Ndani ya uzio alikuwemo ndama. Alikuwa jike, mweupe mwenye madoa mekundu, mbavu zake zinahesabika, miguu inatetemeka, lakini anakula. Anakula kama kiumbe aliyekwisha kuaga akaitwa arudi. Nje ya uzio, Naanyu alikuwa ameshika kamba ya ndama wengine watatu. Hao hawakuwa ndani. Walikuwa wamesimama wakitazama mwenzao anavyokula.

"Paashe!" Naanyu alimwita, uso wake unang'aa.

Zamda hakuelewa. Alikuwa anahema.

"Paashe. Ndivyo nitakavyokuita, na wewe utaniita hivyo. Mtu ukimpa ndama, jina lake linakuwa hilo, lako pia, mpaka mfe." Alimwonyesha yule wa ndani. "Mama yake amekufa juzi. Alikuwa ng'ombe wangu wa kukamua. Nikamwambia mzee, wale wa mwalimu hawaji. Nyasi zina mwaka wa pili zinangoja. Mimi nina ndama sina nyasi, yeye ana nyasi hana ndama. Mzee akasema mpe. Basi huyu ni wako. Nimemweka kwenye nyasi zake."

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, mwanamke ambaye kwa kawaida maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya mwaka ule. Kisha akangoja. Zamda alijua anachongoja. Mwenye olopololi akishapata ndama wake, na akawa na rafiki wa ndama, hatua inayofuata ni kumwambia: Paashe, ingiza na wako. Naanyu asingeliomba hilo. Haliombwi. Alisimama na kamba yake mkononi, na ndama wake watatu, akiwa na uhakika kabisa.

Zamda aliingia ndani ya uzio. Macho yake yalikwenda chini kabla hayajaenda kwa mnyama. Ndama alikuwa amekula pembeni tu, karibu na lango. Hatua mbili za pembeni huwa hazipimwi. Ndivyo andiko lilivyosema. Katikati palikuwa pazima. Kama akitolewa sasa hivi, kiwanja kimesalimika. Kama akikaa mpaka jioni, hakuna kiwanja, hakuna sita, hakuna tasnifu, kuna Korogwe na chumba cha walimu na Isihaka anayeonyesha mtoto mabasi.

Alitaka kulia, na alitaka zaidi Naanyu asimwone. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kama kile. Hilo alilihisi mwili mzima, na hata hivyo mkono wake ulikuwa umekwisha kumshika ndama shingoni.

"Yeyo," alisema, "hizi nyasi si za ndama."

Naanyu aliinamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri. "Ni za nini?"

"Za chuo."

"Chuo kina ndama?"

"Hakina."

"Sasa nani atakula?"

"Hakuna. Nitazikata, nitazipima. Mwezi ujao. Nikishapima mtachukua zote, naapa, yeyo, zote mtachukua."

"Mwezi ujao," Naanyu alirudia, akiwatazama ndama wake. Wala hakukumbusha kwamba mwaka jana yule aliyeinama pale alisema ni za ndama. Angekumbusha, ingekuwa nafuu.

Zamda alimvuta ndama nje. Ndama alikataa, akapiga magoti, akaendelea kung'ang'ania majani kwa ulimi. Ilibidi ambebe. Hakuwa mzito.

"Nitamtunza mimi," alisema kwa haraka. "Nitakaa naye kwa Bi Hafsa. Nitamtafutia pumba."

"Pumba ziko wapi mwaka huu?" Naanyu aliuliza, na lilikuwa swali la kweli. Mashine ya kusaga ya Kang'ata ilikuwa haijawashwa tangu Juni. Basi Naanyu alinyoosha mikono akampokea ndama, akamweka mabegani, akawakusanya wale watatu kwa kamba. Hakutukana. Hakusonya. Aliurudisha mwiba mmoja uliokuwa umeanguka njiani, mahali pake langoni, ili mifugo isipite, akaenda.

Zamda alifunga lango, akakaa ndani ya uzio kati ya nyasi zake, akalia kwa sauti. Hakukuwa na wa kumsikia.

Septemba ilijikokota. Chini ya mgunga hakukaa mtu. Zamda alipopita karibu na boma, wanawake walimsalimu kwa adabu, tena kwa adabu zaidi ya zamani, na watoto walikatazwa kumkimbilia. Aliona ngozi zimetandazwa juani zikikauka, zimepigwa vigingi. Moja ilikuwa nyeupe yenye madoa mekundu. Hakusimama.

Siku ya kukata ilipofika alikata peke yake viwanja vyote sita, kwa mundu, viganja vikachubuka. Alijaza mifuko, akaandika namba, akapima. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Alipomaliza cha mwisho aliyavunja malango yote kwa mikono, miiba ikamtoboa, akaenda mbio mpaka bomani.

"Yeyo, nimemaliza! Leteni ndama!"

Naanyu alikuwa anasugua kibuyu kwa kijinga cha mti. Aliinua uso.

"Ndama gani, mwalimu?" aliuliza.

Hakuwa anamsuta. Waliobaki walikuwa wawili, wa boma lingine, na wenyewe walikuwa wameshapelekwa kwa binamu zao mtoni. Wiki hiyohiyo mvua zilianza, zile za El Niño, zilizokata madaraja na kugeuza barabara ya Handeni kuwa mto. Uwanda wote uliota majani. Ndani ya uzio na nje ya uzio, kijani kilikuwa kimoja.

Tasnifu aliiandika kwa miezi michache, kwa sababu hakuwa na jambo lingine la kufanya wala mtu wa kumwita akale. Kwenye utetezi, jopo la watahini lilimhoji asubuhi nzima. Mmoja wao, mtu wa miwani mizito aliyetoka chuo cha nje ya nchi, alirudi mara mbili kwenye suala la uzio. Katika ukame kama ule, alisema, tafiti nyingi za namna hii zimeharibika. Wafugaji huvunja. Je, viwanja vyake viliwahi kuingiliwa?

"Eneo la kipimo halikuguswa," Zamda alisema. Ilikuwa kweli tupu.

"Uliwezaje?"

"Watu wa pale waliheshimu nyasi," alisema.

Waliandika hilo. Kwenye ripoti yao walisifu ulinzi wa viwanja kuwa wa kiwango cha pekee, wakapendekeza apewe shahada kwa marekebisho madogo, na Dakta Ernesti akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Mwezi uliofuata idara ilimpa kazi. Masharti yote yalikuwa yametimia, kutoka la kwanza mpaka la mwisho.

Alirudi Kang'ata mara moja kuchukua kitanda na mizani. Bi Hafsa alimpongeza, akampa kuku wa kubeba. Kisha Zamda akatembea mpaka kwa Naanyu. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya neno moja, kama alivyozoea kufanya na majina ya nyasi, na aliliona zito.

Naanyu alikuwa nje ya nyumba yake na mjukuu mgongoni. Alimwona mgeni, akasimama.

"Paashe," Zamda alisema.

Naanyu alimshusha mjukuu, akamkabidhi mkwewe, akafuta kigoda kwa ncha ya shuka.

"Karibu, mwalimu. Kaa. Wanasema umeshinda mtihani."

"Nimeshinda, yeyo."

"Ni vizuri. Ulihangaika sana."

Zamda alikaa. Chai ililetwa, ya maziwa, maana maziwa yalikuwepo tena. "Yeyo," alisema, "ulisema utaniita hivyo mpaka tufe."

"Nilisema."

"Basi niite. Mara moja tu, niondoke nalo."

Naanyu alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeombwa kitu na angependa kutoa. "Jina hilo huwa linauliziwa, mwalimu," alisema taratibu. "Nikikuita hivyo mbele ya watu, watasema, vizuri, ndama wenu tumwone. Nitawaonyesha nini?"

Aliongeza chai kwenye kikombe, akaanza kumweleza habari za mvua: daraja lililokwenda na maji, ng'ombe waliorudi wazima kutoka mtoni, harusi ya binti wa mke mdogo. Zamda aliitikia panapoitikiwa. Alikunywa mpaka chini, maana kuacha chai ya watu ni utovu wa adabu, akashukuru, akainuka. Naanyu alimsindikiza mpaka kwenye lango la boma, akamtakia safari njema na salamu kwa watu wa nyumbani kwake, akasimama pale kidogo kama anavyosimamiwa mgeni yeyote, halafu akageuka kurudi kwenye kazi zake.